Shore Anakanyaga Waya

Juzi kwenye sendofu ya binti yangu, kule Buswelu, wacheza ngoma waliingia ukumbini kwa kishindo, na mmoja wao akapita karibu nami mno, mguu wake ukasugua gauni langu. Alikuwa amefunga manyoya chini ya goti, meusi na meupe, marefu, yanayotingishika kila akikanyaga. Mimi, mama mzaa chema, niliyesukwa na kupakwa rangi tangu asubuhi, nikainama mbele ya wageni wote nikayanusa. Dada mmoja wa kamati alidhani nimeangusha hereni, akaja na tochi ya simu kunisaidia. Nilikuwa natafuta harufu ninayoijua: moshi, jasho la miaka, samli iliyochacha. Sikuipata. Yale manyoya yalinuka duka. Yalinuka kama wigi likitolewa kwenye mfuko wake mara ya kwanza.

Tangu hapo sikuweza kukaa. Keki inakatwa, mimi nasimama. MC ananiita niketi, naketi, halafu nasimama tena. Mume wangu akaniuliza kama kiti kina msumari.

Kutotulia kwangu kuna asili yake. Mama yangu alikuwa akisema nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na alianza kuyasema hayo mwaka ule baba alipopunguzwa.

Tulikaa Kirumba, vyumba viwili vilivyojibana kati ya mawe makubwa, juu kidogo ya soko la Mwaloni, mahali ambapo upepo wa ziwa ukigeuka nyumba nzima inanuka dagaa. Nilikuwa mtoto pekee. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, mrefu, mkimya, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kuchota maji. Siku moja alirudi mapema, na mama akamwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba kiwandani wamempunguza. Nilimtazama baba kwa makini, nikaona kweli. Amepungua. Kola ilikuwa imeanza kumwachia nafasi shingoni, na mashavu yameingia ndani. Sikujua watu wanampunguzaje mtu kiwandani, lakini nilichukia mashine yoyote iliyofanya kazi hiyo.

Yeye aliendelea kupiga shati pasi kila asubuhi, akakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, akisubiri kuitwa tena. Mama hakusubiri. Wakati ule viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kufunguliwa kando ya ziwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Mama aliyanunua kwa ndoo, akayakaanga, akayauza Mwaloni, akirudi na magamba hadi kwenye nyusi, anaongea tangu kona ya chini kabla hatujamwona. Baba hakuyala. Alisema yeye hajafika kula mabaki ya Mzungu. Mama alimjibu kuwa tumbo halina macho.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mbega na shore, maana bila hao hamtanielewa.

Baba alitoka Majita, na ukoo wao ni watu wa mbega. Mbega, yule kima mweusi mwenye joho jeupe, kwao ni mwiko. Hawamwindi, hawamli, na ngozi yake hawaigusi. Wakikutana na wacheza ngoma waliovaa manyoya yake wanasogea pembeni kwa heshima, kama mtu anayempisha mkwe. Mama alikuwa wa watu wa shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayeimba alfajiri kwenye kila mti wa nchi hii. Kwao hakuna mtoto anayemrushia shore jiwe. Baba na mama walikuwa wanataniana kwa hao wanyama wao tangu nazaliwa.

"Shore amefika," baba angesema akisikia sauti ya mama kule chini. "Kelele kwanza, salamu baadaye."

"Afadhali kelele," mama angejibu. "Ninyi watu wa mbega mnajua kukaa juu tu na koti zuri. Njaa ikija, mnaikodolea macho."

Mimi, mtoto wa baba, nilikuwa mbega. Nilijivunia. Baba alinisimulia kwamba nyuma ya kwa babu kulikuwa na msitu, na kwamba mbega akiruka kutoka mti hadi mti joho lake linafunguka kama shuka jeupe kwenye kamba. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe, alisema, na mama na shangazi wote wanapokezana kumbeba.

Halafu wakaanza kufa. Sisemi mbega wa msituni. Nasema watu. Alianza baba mkubwa, aliyekuwa dereva wa malori. Kabla ya matanga yake kuisha akaugua baba mdogo, kijana mcheshi aliyekuwa akinibeba mabegani, akarudi Majita kama kifurushi na akazikwa. Watu wazima hawakutaja ugonjwa. Walisema tu, wakiangalia chini, "Alikanyaga waya." Nilisikia hivyo msibani, nikasikia hivyo kwenye basi, nikasikia hivyo dukani. Niliporudi Kirumba nikawa natembea macho yangu yako ardhini. Waya wowote niliuruka. Nilimwambia baba avae viatu hata akienda chooni.

Kule msibani niliomba nipelekwe kuwaona mbega, maana ni jamaa zetu na sijawahi kuwasalimu. Binamu yangu alinipeleka nyuma ya kwa babu akanionyesha visiki. Miti ilikwenda kwenye matanuri ya kukaushia samaki, alisema. Nikauliza wenyewe wako wapi. Akapandisha mabega.

Sasa weka hayo yote kwenye kichwa cha mtoto wa darasa la nne, halafu mlete Mwalimu Magesa. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi, mfupi, mwenye sauti ya besi aliyoipata kwenye kwaya. Siku hiyo alipiga mstari katikati ya ubao akasema tutalinganisha viumbe wawili waliokaa msitu mmoja. Upande huu mbega, upande huu shore. Nilikaa wima. Ilikuwa kama ameandika majina ya wazazi wangu.

"Mbega huzaa mtoto mmoja mmoja," alisema. Mimi nilikuwa mmoja. "Shore hutaga mara kwa mara, kiota hata kwenye paa lenu." Mama yangu alikuwa na ndugu tisa, wote hai. "Mbega huchagua chakula. Anataka majani ya miti yake." Nikamwona baba akisukuma sahani ya mapanki. "Shore anakula tunda, anakula mdudu, anakula na ugali wenu mkiusahau nje. Mti wa mbega ukikatwa, mbega hana pa kwenda. Anakaa anangoja." Nikamwona baba kwenye jiwe na shati lake. "Shore anahamia mti mwingine, maisha yanaendelea. Ndiyo maana misitu yetu ya huku, mbega wako hatarini kutoweka. Wanakwisha. Nani amewahi kumwona?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikanyoosha mimi.

"Mwalimu, baba yangu ni wa mbega."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Magesa naye alicheka, maana alikuwa mtu wa huko huko kwetu na mambo ya koo aliyajua.

"Basi mwambie baba yako ajitunze," alisema. "Wanakwisha hao!"

Alitania. Watoto wengine wakaenda mapumziko kula karanga. Mimi nilitoka nimeshika ukuta. Mwalimu amesema, na mwalimu haongopi. Baba mkubwa amekwisha, baba mdogo amekwisha, na baba yangu amekwisha kupunguzwa na wiki ile alikuwa ameanza kukohoa.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia shore. Nikainua macho yangu, ambayo kwa miezi yalikuwa chini yakitafuta waya. Alikuwa juu ya nguzo ya umeme, hapana, hakuwa juu ya nguzo. Alikuwa amesimama juu ya waya wenyewe. Miguu yote miwili. Anaimba. Nilisubiri aanguke. Hakuanguka. Akaja wa pili, akakanyaga waya naye, wakapokezana wimbo wao, kisha wakaruka zao kwenda kwenye mpapai wa watu. Niseme nini zaidi? Shore anakanyaga waya na hafi. Sijawahi tena katika maisha yangu kuelewa jambo kwa uhakika kiasi kile.

Kilichobaki kilikuwa kumhamisha baba, atoke kwa mbega aende kwa shore. Nilianza na yaliyo rahisi. Nikambembeleza ale mapanki. Nikamwomba aimbe alfajiri. Nikamwambia asikae kwenye jiwe moja siku nzima, ahamie jiwe jingine, na kwa kunifurahisha alihamia, kisha akakohoa hata akashika goti. Mama alimsihi waende hospitali. Alikataa. "Ni vumbi la pamba tu," alisema. Mama aliinama akaendelea kukosha ndoo, na majirani waliokuwa wakija kukaa na baba wakaacha kuja, au walikuja wakasimama mbali, wakauliza hali wakiangalia ziwa, na wakishuka nikawasikia wakinong'ona lile lile la waya.

Njia nilionyeshwa na shangazi, dada yake mkubwa baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya matanga. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kauli za kukata, na huzuni yake ilitoka kama hasira. Jioni moja nilimuuliza kinachompata mtu wa mbega akigusa ngozi ya mbega.

"Amejitoa," alisema. "Mbega hawamjui tena. Si wetu."

Yeye alikuwa ananitisha. Mimi nilisikia habari njema.

Juu yetu, kwenye mawe, alikaa Mzee Shija, Msukuma, kiongozi wa ngoma. Siku za jua alitandaza vifaa vyake juu ya jiwe vipungwe na upepo: njuga, mkanda wa shanga, na manyoya ya mbega aliyorithi kwa baba yake. Siku zote nilipita pale kwa kuzunguka, kama baba alivyonifundisha. Siku hiyo nilienda moja kwa moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Leo hauogopi?"

"Naogopa. Naomba kipande."

"Cha kuchezea?"

"Cha baba. Anaumwa."

Mzee Shija aligeukia vifaa vyake. Nadhani alisikia kwa masikio ya watu wake, kwamba kuna mtaalamu mahali ameagiza dawa, na mambo ya namna hiyo mtu hahoji. Alipekua, akachomoa kishada kilichokatika kamba.

"Hiki kimechoka, hata mende hawakitaki. Chukua bule. Lakini mwambie baba yako apone, si ndiyo? Akipona aje acheze."

Nilikipokea kwa mikono miwili kama sakramenti. Kilikuwa laini kuliko nilivyotegemea. Kilinuka moshi na samli na mtu wa zamani. Nilijua kwamba na mimi dakika ile nimejitoa, na nikafurahi. Tutakwenda wote wawili.

Jumapili asubuhi baba alivaa shati lake kwenda kanisani. Nilikuwa nimekwishaweka kishada kwenye mfuko wa kifuani, chini kabisa. Alitoka uani, kikohozi kikamshika, akaingiza vidole mfukoni kutafuta leso. Kilichotoka kilikuwa cheusi na cheupe. Kikaanguka juu ya kiatu chake.

Shangazi alipiga yowe. "Yesu wangu! Nani kaleta hiki humu? Wifi! Sema wewe!"

Mama alikuwa ameinama kwenye jiko. "Mimi? Mimi ngozi ya mbega naitoa wapi, wifi?"

"Utajua mwenyewe. Kaka mkubwa amekwenda, mdogo wetu amekwenda, amebaki huyu, na leo namkuta na mwiko kifuani. Watu wa shore mdomo wenu mtamu, mikono yenu siijui! Huyu anarudi Majita na mimi, leo leo. Kama ni kufa, afie kwao."

Mama alisimama polepole. Alifungua kanga ya kiunoni, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, macho yake kwa baba. Alikuwa anangoja baba amtetee. Baba alikuwa anakitazama kile kishada kwenye kiatu, uso umekauka, na nikaona kwamba anaanza kuamini. Nikaona pia wanakwenda Majita, kwenye visiki, mahali ambapo kila anayerudishwa hazungumzwi tena.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. Na nilipoanza sikuweza kuacha. "Ni mimi nimeiweka! Mwalimu kasema mbega wanakwisha. Baba mkubwa kakwisha, baba mdogo kakanyaga waya kafa, na baba kapunguzwa, na watu wanasema na yeye kakanyaga. Lakini shore anakanyaga waya kila siku, hafi, nimemwona! Nimemtoa baba kwa mbega. Sasa ni shore. Msimpeleke Majita, atakwisha!"

Kwa watu wazima nilikuwa nimelitaja lile neno waliloliruka kwa miezi kama mimi nilivyoruka waya. Nililitaja uani, mchana kweupe, mbele ya mwenyewe.

Baba alikaa kwenye jiwe. "Nani kasema nimekanyaga waya?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wote, baba."

Alimtazama mama. Mama akainamisha kichwa. Alimtazama dada yake, na shangazi, mwanamke yule wa kukata, akafunika mdomo kwa mtandio. Ndipo baba alipoanza kucheka. Alicheka, akakohoa, akacheka, na katikati ya hapo kikageuka kilio. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Nilijiwa na hofu kwamba ndiyo kukwisha kwenyewe, nikamshika mguu wa suruali kwa mikono yote miwili.

Alipotulia aliinama akakiokota kile kishada.

"Usikishike!" shangazi alisema.

"Nimeshakishika, dada. Huyu ameshanihamisha." Akapangusa uso kwa mkono wa shati lake zuri, akamgeukia mama. "Kesho tunaenda hospitali. Wote wawili. Wapime kila kitu wanachojua kupima."

Walikwenda. Kilikuwa kifua kikuu, na ule Ukimwi ambao mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumpa hakuwa nao, wala mama. Alimeza vidonge vingi, kwa muda mrefu, bila kuruka siku, mimi nikimsimamia kama askari. Mashavu yakarudi polepole. Kiwanda hakikumwita, na kufikia hapo alikuwa ameacha kusikiliza. Alishuka Mwaloni na mama, akajifunza kupiga kelele za sokoni, vibaya mno mwanzoni, akiita wateja kama anayeomba radhi, na mama akicheka hata kumwaga ndoo. Mapanki alikula. Alisema kichwa ndicho kitamu na Mzungu hajui alichotuachia. Shangazi alirudi Majita akiwa amenuna, lakini kila msimu alituma viazi, na mzigo aliuandika jina la mama.

Ndiyo maana juzi sikuweza kukaa. Watu wa ukoo wetu waliokuwepo ukumbini, walipoona manyoya yale, walisogeza viti pembeni kwa heshima kama ilivyo ada. Baba peke yake hakusogea. Sasa ni mzee, fimbo mkononi, shati bado limepigwa pasi. Mchezaji alipofika mbele yake baba alinyoosha mkono akayashika manyoya, akayasugua kati ya vidole viwili, mtu aliyefanya kazi ya nyuzi nusu ya ujana wake. Kisha akaniita kwa kidole.

"Nailoni," aliniambia sikioni.

"Nimeona, baba."

"Kwa hiyo wale wamekwisha kweli. Mwalimu wenu hakukosea." Aliachia manyoya, mchezaji akaondoka akirukaruka. Baba akashika mkono wangu akautuliza juu ya fimbo, maana ulikuwa hautulii. "Wewe ulihangaika sana na mimi mwaka ule. Wao hawakuwa na mtoto wa kuwahangaikia."

Nikatoka nje ya ukumbi na viatu vyangu virefu, mama wa bibi harusi, na rangi yote ya asubuhi ikinitiririka. Jua lilikuwa linazama. Shore mmoja alikuwa kwenye waya wa umeme juu ya maegesho, anaimba kwa nguvu zake zote. Kwa mara ya kwanza sikumsikiliza. Nilikuwa natazama vilima vya Buswelu, nyumba juu ya nyumba, nikitafuta mti.